Moshi wa Novemba mjini Ludhiana

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa Morogoro ninayesomea uhandisi katika mji wa Ludhiana, jimbo la Punjab, kaskazini mwa India. Mji huu una viwanda vingi vya baiskeli, vya kufuma na vya kutia nguo rangi, na ukitoka nje kidogo tu unapokewa na mashamba. Wakati wa mvua hewa ilikuwa nzuri. Mwishoni mwa Oktoba, hata hivyo, shati nililoanika juu ya paa lilipata vipande vya majivu meusi, vyembamba kama maganda ya kitunguu, nami nikaanza kukohoa usiku kama nilipokuwa mtoto mwenye pumu. Wenyeji walisema moshi wa mashamba utakwisha Novemba, lakini kikohozi kilinifikisha Januari. Wa kulaumiwa ni wakulima au viwanda? Na je, ni kweli kwamba sukari guru husafisha kifua, kama tulivyozoea kuambiwa nyumbani kuhusu maziwa?

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Viwanda unavyovitaja hufanya kazi mwaka mzima, hata Julai ulipokuwa ukipumua bila taabu. Kinachobadilika ni hali ya hewa inayobeba moshi wake. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo uleule tunaouita kusi, ambao ukivuka ikweta huelekea India, hupeleka huko mvua zinazoosha chembechembe za moshi na vumbi. Mvua zikikoma, upepo hulegea na usiku huwa wa baridi. Hewa baridi hulala chini, hewa yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko cha chungu, na kila kinachofuka kutoka kwenye bomba la kiwanda, gari au jiko hubaki palepale watu wanapovuta pumzi.

Mashamba huongeza moshi wake wakati huohuo. Mpunga huvunwa Oktoba na Novemba, na ngano haina budi kupandwa kabla Novemba haijasonga mno, hivyo mkulima ana wiki mbili au tatu tu za kusafisha shamba. Kombaini, yaani mashine ya kuvunia, hukata masuke na kuacha mabua yaliyosimama pamoja na mistari ya nyasi zilizotawanyika, ambazo ng'ombe hawazipendi kwa kuwa zina silika nyingi, yaani madini magumu kama ya mchanga, tofauti na mabua ya ngano ambayo ni chakula chao cha kila siku. Njia ya haraka na ya bei nafuu ni kiberiti. Muda huo ulibanwa zaidi na sheria ya mwaka 2009 ya kulinda maji ya ardhini, inayokataza kupandikiza mpunga kabla ya tarehe inayotangazwa na serikali, kwa kawaida mwezi Juni. Sheria hiyo ilikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa visima vilikuwa vikizidi kwenda chini, lakini ilisogeza mavuno hadi karibu kabisa na majira ya hewa iliyotulia.

Kwa hiyo wenyeji wako walisema kweli, lakini nusu. Moto wa mashamba huzimika kabla ya Desemba, ilhali kifuniko hubaki, pamoja na ukungu mzito wa Desemba na Januari, huku viwanda, magari na mioto ya kuota vikiendelea. Kikohozi chako cha Januari hakiwezi kubebeshwa mkulima. Kwa maoni yetu, si haki kumwandama yeye kila Novemba na kuyanyamazia mabomba ya mjini miezi mingine. Chuo kikuu cha kilimo kilicho hapohapo Ludhiana, kwa kushirikiana na wataalamu wa Australia, kimesaidia kubuni mashine inayopanda ngano katikati ya mabua na kuyaacha yawe matandazo. Mkulima mdogo anahitaji kuipata kwa bei anayoimudu, na kuipata ndani ya wiki zile chache.

Kuhusu sukari guru na maziwa, vyote ni chakula na havina ubaya, lakini unachomeza huenda tumboni. Chembe zinazodhuru zaidi, zenye kipenyo kisichozidi mikroni 2.5 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), huingia ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linashauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 za chembe hizo katika mita moja ya ujazo. Kiwango cha India ni 60. Angalia kipimo cha mji wako kila siku kabla ya kutoka. Ukitaka kukimbia, subiri mchana jua likishapasha hewa joto, maana alfajiri, ambayo sisi huisifu kwa hewa safi, huko wakati wa baridi mara nyingi ndiyo saa mbaya zaidi. Leso haizuii chembe hizo. Vaa barakoa ya N95, aina inayochuja chembe ndogo, inayobana vizuri usoni. Chumbani piga deki badala ya kufagia, na usiwashe udi wala dawa ya mbu ya kuchoma.

La muhimu kuliko yote, mwone daktari mwezi Septemba, kabla majivu hayajaanza kuanguka, umweleze historia yako ya pumu ili akupangie dawa ya kuvuta, na usiiache kwa sababu umepata nafuu ya siku mbili. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikabadilika rangi, usingoje kupambazuke. Mwamshe mwenzako akupeleke hospitali usiku huohuo.