Umekulia kanisani na hujui kama unaamini? Anzia hapa

Dadangu, umesema ulibatizwa ukiwa mtoto, ukapata kipaimara, kila Jumapili uko kwa kwaya, na saa hii hujui kama unaamini ama umezoea tu. Swali la maana sana hilo, usikubali mtu akuambie ni shetani anakusumbua.

Hii Nairobi kelele ni nyingi. Pitia bustani ya Jeevanjee saa ya lanchi, wahubiri wako hapo, usikie bila kunena kwa lugha huna Roho, uingie matatu mwingine akwambie siku ya ibada ni Jumamosi, ufike kwa nyumba redio inasema panda mbegu, yaani toa pesa ubarikiwe, na wote wanataja Yesu. Mimi nikaamua kutenganisha: kuna kitu kikitoka Ukristo umeisha, na kuna mambo makanisa yanabishania na bado ni makanisa.

Hicho kitu Paulo amekiweka wazi kwa 1 Wakorintho 15. Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akaonekana na watu. Barua hiyo ni ya miaka ya 50, miaka ishirini na kitu tu baada ya msalaba, na anasema walimwona watu zaidi ya 500 na wengi wao bado wako hai, yaani unaweza enda ukawauliza. Halafu mstari wa 14, kama hakufufuka imani yenu ni bure. Hapo hakuna urefu wa sketi, hakuna fungu la kumi.

Hapo ndio nilikaa sana. Kilichonisukuma ni Yakobo, ndugu yake Yesu. Yohana 7:5 inasema ndugu zake Yesu hawakumwamini, na ninawaelewa, mtu mmekula naye sufuria moja utakubali aje kwamba ndiye Masihi? (Wakatoliki wanasema ni jamaa tu wa karibu, lakini hata hivyo ni mtu wa nyumbani.) Sasa huyo huyo, Paulo anasema Yesu alimtokea, kwa Wagalatia anaitwa nguzo ya kanisa, na Josephus, Myahudi ambaye hakuwa Mkristo, anaandika vile alitolewa apigwe mawe. Nikikataa ufufuo lazima nieleze nini ilimgeuza huyu mtu, na mimi nimeshindwa, kwa hivyo naamini.

Wewe chukua Imani ya Mitume, ile ya "Namwamini Mungu Baba Mwenyezi", iseme pole pole ukiwa peke yako, mstari ukikukwama simama hapo hapo, usipite juu wengine wanapita. Na usome Marko yote, ni sura 16 tu, jioni moja inatosha. Usimwachie pasta akusomee. 2023 kwa msitu wa Shakahola, kule Kilifi, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wamekufa njaa wakifunga ili wakutane na Yesu, na kwa Marko 5 Yesu huyo huyo anamfufua binti ya Yairo halafu anaagiza mtoto apewe chakula.

Ubatizo wa watoto na Sabato mimi bado sijaamua na sina haraka. Ukipata mstari unaokataa kutoka mdomoni andika hapa ni upi, tuuangalie pamoja.