Maswali yenu: mtoto na maamuzi yake makubwa

Wiki hii mmeniandikia sana kuhusu vijana na maamuzi, nimechagua manne.

*Mwalimu, kijana wangu ana miaka 17, anataka kuacha sayansi akasomee uchoraji. Nimwambie nini?*

Mama, usimwambie kitu kwanza, muulize. Najua moyo unakuenda mbio ila nisikilize. Mwaka 1772 mwanasayansi mmoja anaitwa Joseph Priestley alikuwa kaitiwa kazi mpya, hajui aende au abaki, akamwandikia rafiki yake Benjamin Franklin kuomba ushauri. Franklin akamjibu kwamba achague nini hawezi kumwambia, sababu hajui mambo yake yote, ila atamwambia namna ya kuchagua. Chukua karatasi ugawe katikati, huku sababu za kukubali kule za kukataa, na usimalize siku hiyohiyo, kaa nayo siku tatu nne unaongeza kila unapokumbuka kitu, halafu anza kufuta, zenye uzito sawa zinaondoana, we angalia kilichobaki.

Nimeitumia na vijana wengi na mi naona siri iko hapo kwenye siku tatu nne, maana siku ya kwanza mtoto anaandika anachodhani mkubwa anataka kusoma. Kuna mmoja aliniletea karatasi yake, upande wa kukubali ina mistari sita, mitano yote inaanza na "baba anasema". Nikamrudishia, nikamwambia sawa mwanangu, za baba tumezisikia, niandikie za kwako. Akakaa pale anafungua anafunga kofia ya kalamu, anafungua anafunga, mara machozi hayo, kumbe hajawahi kuulizwa. Siku ya nne akarudi na sababu tatu tu lakini zake.

Kwa hiyo mama mpe hiyo karatasi, na we chukua ya kwako uandike. Kama unachoogopa ni kipato andika kipato, usije ukasema uchoraji ni uhuni wakati siyo hicho kinachokunyima usingizi. Halafu mtume akaongee na watu wawili wanaoishi kwa kuchora, mmoja mambo yamemnyookea na mwingine bado anahangaika, awaulize siku yao ya kawaida ikoje toka asubuhi mpaka jioni, siyo awaulize tu wanapata shingapi.

*Binti yangu nyumbani ana akili nzuri tu, akiwa na wenzake anakubali mambo ya ajabu. Ananiigizia?*

Hakuigizii. Mwaka 2005 wanasaikolojia wawili, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwachezesha watu gemu ya kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine wenzao wako pembeni wanaangalia. Vijana wadogo wakiwa na wenzao walijiingiza kwenye hatari zaidi kuliko wakiwa peke yao, na kwa watu wazima hiyo tofauti ilikuwa ndogo sana. Ile sehemu ya mbele ya ubongo inayotuzuia pupa inaendelea kukomaa mpaka mtu yuko kwenye miaka ya 20 na kitu, sasa unampigia mahubiri yanini? Akili anayo, kinachomponza ni kuamua papo hapo macho yote yakiwa kwake. Mfundishe neno la kujitoa, "ngojeni ntawajibu kesho", na mfanye mazoezi kwa sauti kabisa, we ujifanye yule rafiki king'ang'anizi, umbembeleze umcheke mpaka azoee kulisema bila kutetemeka. Na mruhusu akusingizie, aseme mama mkali hataki, we kubali tu kuwa huyo mama mkali.

*Nianze kumfundisha kuamua akiwa na umri gani?*

Miaka minne, achague shati moja kati ya mawili. Akifika kumi mpe vihela vyake apange mwenyewe na vikiisha usimwongezee, na hapo ndo wazazi wengi tunashindwa, tunamwonea huruma. Mtoto ambaye hajawahi kuishiwa hela mbele yetu anakuja kuishiwa mbali na sisi, kwa kitu kikubwa zaidi.

*Nina miaka 20, niko mwaka wa pili wa kozi nisiyoipenda kabisa. Nyumbani wameshalipa ada nyingi, nikiacha najiona mwizi.*

Pole mdogo wangu, na wewe siyo mwizi. Ile ada imeshatoka, ukiendelea hairudi na ukiacha hairudi, iweke pembeni kabisa uangalie ada na miaka iliyobaki. Ila kabla hujaamua chimba, unachukia kozi nzima, au somo moja, au umechoka tu na umepoteza marafiki? Maana hayo dawa zake tofauti. Ukishajua, fanya zoezi la mwanasaikolojia Gary Klein, jione mwaka mmoja mbele, umeacha na mambo yameharibika vibaya, andika yameharibika kwa nini. Halafu rudia, safari hii umebaki na yameharibika vilevile. Utashangaa vitu vitakavyotoka, na vingine vinazuilika toka leo.

Wazazi usiwaambie kwa meseji. Nenda ukae nao na karatasi zote mbili, waonyeshe unataka kwenda wapi na mwezi wa kwanza utafanya nini, na wakifoka waache wafoke, usiondoke. Niandikie ukishatoka huko, nasubiri.