Injini na mashine yake: kwa wanaoanza kukusanya injini kuukuu Nairobi

Ukionyeshwa injini ndogo ya petroli ya zamani pale Gikomba au Kamukunji, kabla hujauliza bei, uliza ilikuwa ikizungusha nini. Ukiambiwa ilikuja na pampu ya maji, mashine ya kumenya kahawa au ya kupukuchua mahindi, uliza mashine yenyewe iko wapi na uifuate siku hiyo hiyo. Wengi wanaoanza hubeba injini, wakaacha mashine kwa sababu haina sura. Kwangu hiyo ni hasara kubwa, maana mashine ndiyo inayoieleza injini: ilikuwa ikizunguka upande gani, kwa kasi gani, na puli (gurudumu la kuzungushia mkanda) ya ukubwa gani.

Chukua Lister D, injini ya Dursley, Uingereza, iliyoanza kutengenezwa 1926. Ile ya kawaida ina nguvu farasi 1.5 kwa mizunguko 700 tu kwa dakika. Ukiifunga puli ya inchi 4, na mashine ikiwa na ya inchi 16, mashine itazunguka mara 175. Sasa toa Lister uweke Briggs & Stratton ndogo inayokwenda hadi mizunguko 3,600, na puli zile zile: mashine itazunguka mara 900, na kitu kilichotengenezwa kwenda polepole kinaweza kupasuka au kurusha vipande. Kwa hiyo pima puli zote mbili kabla hujafungua nati yoyote, upige picha, uandike.

Kwenye yadi za skrepu, wahi asubuhi. Chuma huuzwa kwa kilo, na shaba na aluminiamu zina bei kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo kabureta na magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) ndizo hung'olewa kwanza. Injini iliyokwama lakini ina magneto na kabureta yake ni bora kuliko inayozunguka vizuri bila hivyo viwili. Pistoni iliyokwama utaiachilia. Magneto ya aina yako unaweza kuitafuta miaka. Angalia pia kibandiko cha shaba chenye namba, na usikubali mtu akisugue kwa grainda ili "kikupendezee". Dai risiti yenye namba hiyo. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka anayeuza awe na leseni na aweke kumbukumbu, nawe hutaki kukutwa na pampu iliyoibwa shambani kwa mtu.

Zilizo nzima hasa utazipata kwenye mashamba ya kahawa upande wa Kiambu, Ruiru na Thika, ambako umeme ulipofika injini ilisukumwa nyuma ya stoo. Huko usianze na mwenye shamba. Mtafute mzee aliyekuwa akiiwasha. Msalimie, kaeni, umwambie, "Mzee, nifundishe ilivyokuwa ikiwashwa," halafu nyamaza. Atakuambia vali ipi ilikuwa ikivuja na mafuta yapi iliyakataa.

Uingereza maji yanayoganda ndani ya injini hupasua bloku wakati wa baridi. Hapa kwetu adui ni kutu na nyigu. Nyigu hujenga kwa udongo ndani ya ekzosi na mdomo wa kabureta, na ukizungusha injini kwa nguvu udongo ule unaingia kwenye silinda. Chokoa kwanza. Pistoni ikiwa imeshika, mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi kupitia tundu la plagi, uiache wiki kadhaa huku ukiongeza. Ukilazimika kugonga, tumia kipande cha mti mgumu. Nyundo juu ya pistoni, hapana.

Umeme wa plagi ndio unaowakatisha tamaa wengi, na mara nyingi kosa ni dogo. Fungua kifuniko cha pointi, vile vyuma viwili vidogo vya magneto vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme. Nyuso zake zikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia, umeme haupiti, hata kama magneto ni nzima. Pitisha msasa laini kabisa, kisha vuta karatasi safi katikati yake mpaka itoke bila alama. Zungusha polepole kwa mkono: kwenye magneto zenye springi ya kusaidia kuwasha utasikia "tak!" kali, na hapo ndipo cheche inaruka. Ukisikia "tak" bila kuona cheche, shuku kondensa, kile kifaa kidogo cha umeme kilichounganishwa na pointi. Plagi nazo zipime: injini nyingi za zamani hutumia ya milimita 18, na zinazojaa dukani leo ni za 14. Mkanda, beringi na plagi tafuta Kirinyaga Road. Kipande kisichouzwa popote, mpelekee fundi wa kukereza vyuma Kariobangi Light Industries ukiwa na kile kilichochakaa mkononi, maana mchoro peke yake haumtoshi.

Jambo ambalo vitabu vya huko nje havikuambii: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupoteza asilimia 15 hadi 20 ya nguvu, na kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani inamwaga petroli kupita kiasi. Ukiona moshi mweusi na plagi yenye masizi, punguza petroli kwenye skrubu kidogo kidogo kabla hujafikiria kufungua injini.

Unapozungusha hendeli, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, usiishike hendeli kama unavyoshika jembe. Injini ikirudisha nyuma, gumba lililozunguka hendeli huvunjika. Vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini. Iwashie nje, kamwe si ndani ya chumba, na vyuma uvioshe kwa mafuta taa, si petroli.

Ikishawaka, iache ipate joto bila mzigo, ndipo uvute mkanda uingie kwenye puli ya mashine yake. Rangi ya zamani iache ilivyo, paka oili tu. Na yale aliyokuambia mzee yaandike, uyatie kwenye mfuko wa plastiki na uyafunge kwa waya kwenye fremu ya mashine, ili ukiuza, mmoja asipate injini na mwingine maelezo.