Kliniki tatu siku moja: kipi kitangulie?

Barua tulizochagua mwezi huu zatoka kwa wagonjwa wa muda mrefu na wanaowauguza. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu hali yake ni ya nyumba nyingi.

Mamangu ana miaka 63, ana sukari na presha. Anameza metformini na glibenklamidi, tena enalaprili na furosemidi. Jumanne ijayo ameandikiwa damu ya njaa na kliniki ya sukari saa mbili asubuhi, kliniki ya presha saa tano, macho saa nane mchana. Twatoka Likoni, na zote ziko kisiwani Mombasa. Kila siku ya kliniki, kufikia saa nne huwa anatetemeka na jasho lamtoka. Tumpange vipi? — Binti yake, Likoni

Dada, kutetemeka na jasho kwa mtu ambaye hajala ni sukari kushuka mpaka ithibitishwe vingine. Katika dawa ulizotutajia, wa kushukiwa kwanza ni glibenklamidi. Hiyo hulazimisha kongosho kutoa insulini, awe amekula au hajala. Metformini peke yake ni nadra kuiteremsha hivyo. Basi asubuhi ya damu ya njaa dawa zote mbili za sukari zitiwe mkobani, azimeze wakati chakula kiko mbele yake. Mwambieni pia daktari kwamba hutetemeka. Kwa umri wake, na hasa figo zikiwa zimeanza kuchoka, huenda akambadilishia.

Dawa ya presha ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi hukosea. Wakisikia "njoo na njaa" huacha vidonge vyote, kisha wakifika kwa daktari wa presha mashine yasoma 180 na kipimo cha dawa chaongezwa bure. Enalaprili ameze alfajiri kama kawaida, kwa maji matupu. Maji hayaharibu damu ya njaa. Chai ya rangi isiyo sukari nayo iachwe. Furosemidi huanza kukojoza ndani ya saa moja na huendelea kwa takriban saa sita. Ukiwa kwenye foleni ya feri hilo ni adhabu. Muulizeni daktari kabla ya siku yenyewe kama siku za safari anaweza kuimeza akisharudi nyumbani. Wengi huruhusiwa, ila mwenye moyo uliojaa maji asijiamulie.

Kabla ya kumshindisha njaa, tazameni karatasi imeandikwa kipimo gani. Sukari ya njaa yahitaji angalau saa nane bila chakula: akimaliza kula saa tatu usiku, saa mbili asubuhi ametimiza kumi na moja, yatosha. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu hakitaki njaa kabisa, na mafuta ya damu siku hizi mara nyingi hupimwa hata mtu akiwa amekula. Kwa upande wa pwani tuongeze hili: mwenye seli mundu, au aliyeongezwa damu karibuni, kile cha miezi mitatu humdanganya, kwa hiyo amkumbushe daktari. Mkojo wa kuangalia protini ukitakiwa, mzuri ni ule wa kwanza wa asubuhi. Chukueni kichupa cha maabara mapema, mtoke nacho nyumbani kimejaa.

Mkifika, maabara kwanza, hata kama faili bado yatafutwa. Ombeni dirishani kwamba ni mgonjwa wa sukari mwenye njaa. Wauguzi wengi huwatanguliza. Damu ikishatoka, ale papo hapo, asingoje kuonwa. Mahamri kwa mbaazi za nazi ni kifungua kinywa cha watu, lakini siku hiyo apunguze: hamri moja, mbaazi nusu bakuli, yai la kuchemsha kutoka nyumbani, na vile vidonge viwili vya sukari.

Mkobani, mfuko wa mbele unaofikika feri ikiwa imejaa, wekeni vijiko vinne vya chai vya sukari, vya kusawazisha, karibu gramu 16, ndani ya kichupa cha kukorogea maji. Au soda ya kawaida, nusu ya chupa ya mililita 300. Akianza kutetemeka mpimeni kidole. Chini ya 4, au mashine haipo, apewe, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Bado iko chini, rudieni. Ikipanda, ale kitu cha kushikilia, kama kipande cha mkate. Kaimati na chokoleti si dawa ya hapo kwa sababu mafuta huichelewesha sukari kuingia damuni. Dafu nalo sukari yake hubadilika kwa ukomavu, huwezi kuipima. Akizirai, asitiwe chochote kinywani: alazwe ubavu na msaada uitwe.

Macho mmepangiwa mwisho, na ndipo panapofaa. Atatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa nne hadi sita hataona vizuri vya karibu, na jua la mchana litamchoma. Miwani ya jua, na mtu wa kumshika mkono kwenye mteremko wa feri. Kama aliwahi kuambiwa ana presha ya macho, aseme kabla ya matone. Na miwani ya kusomea asipimiwe siku hiyo, wala wiki ambayo sukari imepanda na kushuka ovyo: lenzi ya jicho huvimba kwa sukari, na miwani mtakayolipia haitamfaa mwezi ujao.

Viatu viwe vya kuvua upesi, kliniki ya sukari iangalie nyayo. Wasipoziangalia, ombeni. Kitambulisho chenyewe kiwepo, si picha ya simu, na mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mhakikishe siku mbili kabla. Kugundua dirishani kwamba haujaingia ni kupoteza asubuhi nzima.

Nyumbani presha yangu ni 128 kwa 80. Nikifika kliniki yawa 160 na ushei. Daktari ataka kuniongeza dawa. Nimwamini nani, yeye au mashine yangu? — Mzee wa Kibokoni

Shikamoo mzee. Huenda mashine zote mbili zasema kweli. Presha ya mtu aliyepanda ngazi, kibofu kimejaa na akizungumza na jirani wa foleni hupanda. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, waongeza kama pointi 8. Mkanda mdogo kwa mkono mnene huongeza zaidi, kwa hiyo ukiona umeshikana kwa tabu, omba mkubwa. Kahawa tungu iache nusu saa kabla. Miraa na muguka zisiguswe kabisa siku hiyo, hizo hupandisha kwa saa nyingi.

Kisha mpelekee daktari ushahidi. Siku saba mfululizo jipime mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, dakika moja kati ya kipimo na kipimo, uandike kila namba, hata zisizokupendeza. Siku ya kwanza itupwe, zilizobaki zitafutiwe wastani. Nyumbani twahesabu kuwa juu kuanzia 135 kwa 85, kliniki 140 kwa 90. Nenda na mashine yako ilinganishwe na ya muuguzi. Mashine za kifundo cha mkono hatuzipendi, hupotoka mkono ukisogea kidogo tu.

Mume wangu asafishwa figo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ana jino la kung'olewa na kliniki ya moyo. Tuviunganishe siku moja na mashine ili tuokoe nauli? — Mama wa Changamwe

Nauli mtaiokoa, lakini jino msiling'oe siku ya mashine. Wakati wa kusafishwa hutiwa heparini damu isigande, na kidonda cha jino kingevuja. Siku inayofuata ndiyo njema, na daktari wa meno ajue yeye ni mgonjwa wa figo kabla ya kuandika dawa ya maumivu. Kliniki ya moyo pia iende siku isiyo ya mashine: baada ya saa nne za kusafishwa presha hushuka na mtu hulegea, na daktari ataona namba zisizo zake.

Mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa ajili ya kusafishia damu, haupimwi presha, hautolewi damu, haubebi mkoba, hauvai saa. Aseme kwa kila muuguzi mpya, bila haya. Kila asubuhi auguse: ule mtetemo ukikosekana, aende hospitali saa ile ile, asingoje Jumatatu. Mkono wa pili damu itolewe mgongo wa kiganja, mishipa ya juu ihifadhiwe.

Na joto la kusubiri lisimpeleke kwenye dafu. Madafu yana potasiamu nyingi, figo zake haziwezi kuitoa, na ikizidi moyo husimama. Ndizi na juisi ya machungwa ni hivyo hivyo. Kipande kidogo cha barafu cha kumung'unya chatosha, na kihesabiwe katika maji yake ya siku.

Babangu hujidunga insulini ya mchanganyiko. Kutoka Mtwapa hadi mjini na kurudi ni siku nzima kwenye joto. Itaharibika? — Kijana wa Mtwapa

Siku moja haitaiharibu, ila dashibodi ya gari au mfuko wa suruali juani zaweza. Iliyofunguliwa kwa kawaida hukaa wiki nne chini ya nyuzi 30. Soma karatasi ya ndani, aina hutofautiana. Chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu imefungwa kitambaa, na dawa isigusane na barafu: ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka itupwe. Chembe zikishika kioo baada ya kuiviringisha kiganjani, pia itupwe. Siku ya damu ya njaa asijidunge hiyo ya mchanganyiko mpaka damu itoke na chakula kiwe mkononi. Anayetumia ile ya saa 24 peke yake asiiache kwa kujiamulia.

Kliniki ya sukari hunipa dawa zake, ya presha zake, na duka la dawa hunichoma sindano ya mgongo. Siku hizi miguu yavimba. — Bi wa Kisauni

Bi, tia kila kitu mfukoni pamoja na maboksi yake, ukamwonyeshe daktari mmoja au mfamasia wa hospitali. Twashuku mambo mawili. Amlodipini huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara, na mtu huweza kuimeza mara mbili kutoka kliniki mbili. Kuvimba vifundo ni dalili yake mashuhuri. Tena diklofenaki, ambayo ndiyo mara nyingi huwa kwenye sindano ya mgongo, huzuia maji na chumvi kutoka, na ikikutana na enalaprili na kidonge cha maji (cha kukojoza) huweza kuziumiza figo. Sindano hiyo iache kuanzia leo. Vidonge vya presha usiviache mpaka uonwe, na uonwe wiki hii; ukishindwa kupumua ukilala chali, nenda usiku huo huo.

Karatasi ya kubeba iwe na safu nne: jina lililo kwa maandishi madogo chini ya jina la kibiashara, miligramu, saa unayomeza, na kliniki iliyokupa.