Morgan: udogo wa zaidi ya miaka mia

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama kampuni inaweza kudumu bila kupanuka. Mimi ni seremala, kwa hiyo jibu langu linapitia kwenye mbao. Ipo Morgan ya Malvern, Uingereza, waundaji wa magari ya spoti.

H.F.S. Morgan, mtoto wa kasisi, aliunda gari lake la kwanza 1909, magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Mtaji ulitoka kwa baba yake. Gari la magurudumu manne lilikuja 1936.

Wengi husema chasisi ya Morgan, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni ya mbao. Si kweli, na kosa hili huniuma kwa sababu linaificha kazi yenyewe. Chasisi ilikuwa ya chuma, siku hizi ni alumini. Cha mbao ni kiunzi cha bodi, kile kinachovalishwa bati. Hutumia ash, mti wa Ulaya wenye mbao imara zinazokubali kupinda. Chukua tao la gurudumu la nyuma: mbao nyembamba hupakwa gundi, hupandanishwa, kisha hubanwa kwenye kalibu mpaka zikauke. Zikifunguliwa, hazinyooki tena. Aliyewahi kupinda mgongo wa kiti anajua gundi haiamrishwi.

Mwaka 1990 Sir John Harvey-Jones, aliyewahi kuongoza kampuni kubwa ya kemikali ya ICI, aliwatembelea kwa ajili ya kipindi cha BBC. Wateja walikuwa wakisubiri gari kwa miaka, naye akawashauri waongeze uzalishaji. Peter Morgan, mwana wa mwanzilishi, alikataa. Naamini alikuwa sahihi. MG, waundaji wengine wa magari ya spoti wa Uingereza, kubwa kuliko wao kwa mbali, ilikuwa imeshafunga kiwanda chake cha Abingdon miaka kumi kabla.

Jambo jingine lililowasaidia ni kutojitwisha kazi ya kuunda injini. Walinunua kwa wengine: JAP, Ford, Triumph, Rover, baadaye BMW. Nguvu zao wakaziweka kwenye bodi.

Hata hivyo, 2019 familia iliuza sehemu kubwa ya hisa kwa Investindustrial, wawekezaji wenye asili ya Italia. Niliposoma habari hiyo nilihofia karakana ya seremala ndiyo ingefungwa kwanza. Mwaka huohuo wakatoa Plus Six: injini ya BMW, chasisi mpya ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, na juu yake kiunzi cha ash.