Ukipita Singapore Ingia Asian Civilisations Museum, Ila Usikimbilie Kumaliza Kumbi Zote

Jamani siku hizi watu wetu wengi wanapita Singapore, wengine wanabadilisha ndege tu, wengine wanafuata mzigo, na ukiwauliza wameona nini utasikia maduka na zile taa za usiku basi. Mi nawashauri hivi, ukipata nusu siku nenda Asian Civilisations Museum, makumbusho ya tamaduni za Asia, iko kando ya mto, ukishuka treni Raffles Place unatembea kidogo tu umefika. Na ukishaingia nenda kwanza kwenye ukumbi wa Tang Shipwreck, yaani wa chombo kilichozama enzi za ufalme wa Tang wa China, kabla miguu haijachoka, manake kumbi ni nyingi, kuna India, kuna China, kuna Uislamu, kuna nguo na vito, na anayetaka kuona vyote kwa mkupuo mmoja anatoka kichwa kimejaa halafu hakumbuki kitu.

Kwa nini huo ukumbi? Kwa sababu sisi watu wa pwani tumo humo ndani. Mwaka 1998 wavuvi wa majongoo bahari walikuta mabaki ya chombo karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, chombo cha karne ya 9 kilichokuwa kimetoka China na shehena ya vyombo vya kauri kama 60,000, vingi ni mabakuli ya kutoka Changsha huko China, na bakuli moja limeandikwa tarehe inayoangukia mwaka 826. Mabakuli yalipangwa ndani ya mitungi mikubwa, yamezungushwa yakabanana vizuri, ndio maana mengi yametoka mazima baada ya miaka zaidi ya elfu. Simama hapo, angalia ile michoro ya ndege na samaki, imechorwa kwa mkono harakaharaka na hakuna bakuli linalofanana kabisa na lenzake, mi hapo naweza kukaa saa nzima sichoki.

Ila kilichonigusa zaidi ni chombo chenyewe. Hakikupigwa misumari, mbao zimeshonwa kwa kamba! Yaani ndugu zake ni mitepe yetu ya Lamu, vile vyombo vya tanga vya zamani vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi. Na vipande vya vyombo vya Changsha vimefukuliwa hukohuko kwetu, Manda na Shanga kwenye visiwa vya Lamu, kwa hiyo bidhaa hizi zilifika mpaka pwani yetu zamani hizo, hatuhitaji kusoma lebo kama wageni.

Jambo jingine, ukiwa makumbusho yoyote jiulize hivi vitu vimefikaje hapa. Hii shehena ilitolewa baharini na kampuni ya biashara, siyo wanaakiolojia wanaochimba taratibu na kuandika kila kitu, wanaakiolojia wengi wakalalamika, na mwaka 2011 makumbusho ya Smithsonian ya Marekani iliahirisha maonyesho ya shehena hii kwa sababu ya mzozo huo. Mi naona ni vizuri imebaki pamoja badala ya kuuzwa moja moja, ila nawaelewa wanaolalamika, manake ukiondoa kitu haraka kuna habari zinapotea na hazirudi tena.

Mengine madogo: beba sweta, kiyoyozi cha ndani kinauma. Ijumaa wanachelewa kufunga, ni muda mzuri ukitoka kwenye shughuli zako. Wageni tunalipa kiingilio, angalia bei kwenye tovuti yao kabla hujaenda. Kuna watu wa kujitolea wanaotembeza wageni kwa Kiingereza, wafuate, na uliza maswali hata kama unaona aibu, wanafurahi sana wakisikia unatoka pwani ya Afrika. Picha piga bila flashi, na kila ukipiga kitu piga na lebo yake, la sivyo jioni una picha mia za mabakuli na hujui lipi ni lipi. Ukirudi nyumbani pita Lamu Museum uone modeli ya mtepe, uiangalie mishono yake polepole, na wachukue na watoto.