Maswali ya wasomaji: Likizo ya gofu pwani tuipangeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi, mume wangu na marafiki wawili tunataka kwenda pwani wiki nzima kwa ajili ya gofu. Tumezoea viwanja vya bara vyenye miti mingi. Nia yetu ni mashimo 18, yaani mzunguko kamili, kila siku, ikiwezekana siku nyingine mara mbili. Dada yangu atakuja pia, ila hachezi. Tuanzie wapi kupanga? Na fimbo, tubebe zetu au tukodi huko huko?
Mchezaji wa wikendi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzeni na saa za kucheza, kabla hata ya hoteli. Wengi hulipia chumba na tiketi kwanza, kisha wakipiga simu uwanjani wanaambiwa nafasi iliyobaki ni saa nane mchana. Pwani, saa nane ni mchezo mwingine kabisa. Jua likipanda, nchi kavu hushika joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi inapaa, na ile ya baharini inaingia kuchukua nafasi yake. Saa moja asubuhi utaikuta bendera ya shimo imelala kwenye mti wake. Saa tano imeanza kupepea, na alasiri unasikia kitambaa kikipiga kelele ukiwa bado mbali na grini, yaani eneo la majani mafupi lenye shimo.

Kwenye uwanja wa Pebble Beach, California, kuna shimo la saba lililo yadi zipatazo 106 tu kutoka pa kuanzia. Siku tulivu, mchezaji mzuri hulifikia kwa fimbo fupi kabisa. Siku ya mwisho ya mashindano ya U.S. Open mwaka 1992 upepo ulivuma hadi Mmarekani Tom Kite akatoa chuma namba 6, fimbo ya kupiga mbali zaidi ya hapo, na bado mpira ukaikosa grini. Akaupiga tena kutoka pembeni, ukaingia shimoni moja kwa moja, na jioni hiyo akatwaa ubingwa. Kite alikuwa bingwa wa kutafuta njia. Ninyi mnaotoka kwenye viwanja vilivyokingwa na miti, jipeni asubuhi ili mjifunze taratibu.

Upepo ukiwakuta usoni, chukueni fimbo ndefu zaidi na mpunguze nguvu. Mpira uliopigwa kwa hasira huzunguka sana na kupanda juu, na huko juu ndiko upepo ulikojaa. Siku ya kwanza chezeni mashimo 9 tu, mkiangalia mpira wa kila mmoja unavyopelekwa.

Mkipiga simu uwanjani, ulizeni jambo ambalo wageni hulisahau: wiki hiyo grini zitakuwa zimetobolewa? Viwanja hutoboa vijishimo ili udongo upumue na maji yapenye, kisha hufunikwa kwa mchanga. Ni kazi ya lazima na siwalaumu hata kidogo, lakini kwa siku kadhaa baada yake mpira hurukaruka badala ya kubingirika, na inauma kusafiri mbali kwa ajili ya hilo. Ulizeni pia kama kuna mashindano ya wanachama, kama wanadai cheti cha handikapu, yaani kipimo cha kiwango cha mchezaji, na kama makedi, wale wabeba fimbo, wapo. Kedi anayeujua upepo wa uwanja wake mlipeni kwa moyo mkunjufu. Siku za kufunga nazo ziulizwe: Old Course, uwanja wa St Andrews huko Scotland, maarufu kuliko vyote, kwa kawaida haichezwi Jumapili, watu huja kutembea tu.

Mashimo 18 kila siku siungi mkono. Ni muda wa saa nne hadi tano mkiwa juani, na mgongo usiozoea utawadai siku ya tatu. Chezeni asubuhi mbili, mpumzike moja, mrudi tena. Mara mbili kwa siku iacheni kabisa. Hapo dada yako naye atapata likizo: mkimaliza kabla ya saa sita, mchana wote ni wa familia. Mwulizeni yeye mchana huo uendeje, msimpangie.

Fimbo bebeni zenu, maana mkono umezizoea. Kichwa cha draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia, kama kinafunguka, kifungueni na mkizungushie soksi nene. Ndani ya mfuko wekeni mpini wa ufagio uliozidi urefu wa fimbo zote. Mfuko ukitupwa kichwa chini, mpini ndio utakaopokea kishindo. Kila mkimaliza kucheza, futeni vyuma kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kisha mvikaushe, kwa sababu chumvi ya hewani huleta kutu. Mfuko msiulaze ndani ya gari likiwa juani, gundi inayoshika vichwa vya fimbo hulegea kwa joto kali.

Pigieni viwanja viwili au vitatu wiki hii, kisha uniandikie wamewapa saa ngapi. Nitakusaidia kuchagua.